Bunduki Chumbani: Mahakama Zinasemaje?

Alhamisi moja jioni, baada ya kipindi cha akina mama kanisani kwetu Maili Moja, Kibaha, tulibaki wachache tukikunja mikeka na kuosha vikombe vya chai. Mama mmoja ambaye binti yake ameolewa Houston, huko Marekani, akatuambia kwamba siku hizi usingizi umemkimbia. Binti kapiga simu. Mkwe kanunua bastola. Anatoka nayo kiunoni hata akienda kununua mkate, na siku akikasirika huitoa akaiweka juu ya meza ya chakula, hasemi neno, anakula.

"Nikamwuliza, mwanangu, huko hakuna serikali? Akanijibu, mama, huku bunduki ni haki ya mtu, imo ndani ya Katiba, na mahakama imesema hivyo. Sasa ninyi mliosoma hebu niambieni, ni haki gani hiyo ya kumtisha mke kwa chombo cha kuulia?"

Kabla hatujapata la kumjibu, mgeni wetu, mama aliyetoka Mzenga wilayani Kisarawe kuja kumuuguza mdogo wake katika hospitali ya Tumbi, akatikisa kichwa. "Mwenzangu, lako liko ng'ambo ya bahari. Mimi gobore la marehemu mume wangu liko darini, huu mwaka wa tatu tangu tumzike. Kulitoa naogopa, kulala nalo naogopa. Nikilipeleka nitaulizwa, siku zote hizo ulikuwa wapi?"

Tulinyamaza wote. Nikaahidi kuwatafutia majibu, na ahadi ni deni. Niliyoyaandika hapa ndiyo niliyowasomea tulipokutana tena, pamoja na mengine yaliyotokana na maswali yao.

GOBORE NA BASTOLA

Anayetoka Mlandizi kwenda Mzenga na kuendelea hadi Maneromango hupita kwenye mashamba ya mihogo, mikorosho na mpunga wa mabondeni. Mkulima wa huko ana maadui wawili wakubwa, jua na nguruwe mwitu. Kundi la nguruwe likiingia kwenye mihogo usiku mmoja tu, asubuhi mama hana cha kupeleka sokoni. Ndiyo maana kwa miaka mingi gobore limekuwa chombo cha kazi kama jembe na panga. Hushindiliwa baruti kwa mdomoni, na aghalabu limeundwa na mhunzi wa kijijini kwa bomba la chuma na kipande cha mti. Baba humwachia mwana, mwana humwachia mjukuu, karatasi hakuna. Babu yangu mzaa mama alikuwa nalo. Sisi wajukuu tulikatazwa hata kulitaja mbele ya wageni, na wala hatukuuliza kwa nini.

Kibaha mambo ni mengine. Mji unakua kandokando ya barabara ya Morogoro, watu wamejenga, wameweka kuta na mageti, na wezi wa usiku nao hawalali. Mwenye uwezo huomba leseni ya bastola au bunduki ya risasi za marisawa. Lakini iwe gobore la Mzenga au bastola ya Kibaha, anayefagia chini ya kitanda kilipofichwa chombo hicho ni mama. Anayejua mtoto amekua kiasi cha kufikia juu ya kabati ni mama. Na bwana akirudi amelewa, anayejua silaha iko wapi ni mama vilevile.

Sisi watu wa Mkoa wa Pwani hatuhitaji kuhubiriwa sana juu ya hatari ya bunduki. Mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga bado hayajasahaulika. Viongozi wa vijiji waliuawa, askari waliuawa, na mwezi Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja huko Kibiti na silaha zao kuchukuliwa. Wake zao wakabaki wajane. Tangu hapo mtu kuonekana na bunduki isiyojulikana katika mkoa huu si jambo la mzaha.

MAREKANI: HAKI YENYE MPAKA

Tuanze na lile la Houston, maana ndilo lililozaa mazungumzo yote.

Binti yule hakumdanganya mama yake. Katika Katiba ya Marekani yamo marekebisho ya mwaka 1791 yanayotaja haki ya wananchi ya kuwa na silaha. Kwa muda mrefu watu walibishana kama haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja au ni ya mgambo wa majimbo yao. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba ni ya mtu binafsi, na kwamba anaruhusiwa kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda.

Basi ikabaki habari ya kutembea nayo barabarani. Jimbo la New York lilikuwa na sheria iliyoanzia mwaka 1911 ikimtaka anayeomba kibali cha kubeba bastola nje ya nyumba aonyeshe sababu maalumu. Hofu ya kawaida ya mtu yeyote haikutosha. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliitupa sheria hiyo. Jaji Clarence Thomas ndiye aliyeandika hukumu. Alisema serikali ikitaka kuweka masharti juu ya silaha, haitoshi kusema yanaleta usalama, bali ni lazima ionyeshe kwamba masharti ya namna hiyo yanapatana na desturi ya nchi tangu zamani. Majimbo mengine yenye sheria kama ile ya New York, kama California, New Jersey na Maryland, yalilazimika kubadili taratibu zao. Texas, anakoishi binti yetu, ilikuwa imekwisha kutangulia. Tangu Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 na zaidi, asiyezuiwa na sheria nyingine, hubeba bastola huko bila leseni yoyote.

Hapo mama wa Houston akashika kichwa. Nikamwambia, subiri, hadithi haijaisha.

Katika jimbo hilohilo la Texas, mji wa Arlington, mwezi Desemba 2019, kijana mmoja wa jina la Rahimi aligombana na msichana aliyezaa naye. Wakiwa kwenye uwanja wa kuegesha magari msichana alitaka kuondoka. Akamvuta, akamwangusha, akamsukumiza ndani ya gari hata akagonga kichwa. Alipotambua kuwa yuko mtu anayetazama, akachukua bastola na kufyatua. Msichana akapata nafasi ya kukimbia. Baadaye yule kijana akampigia simu na kumwambia kwamba akithubutu kusema, atampiga risasi.

Msichana hakunyamaza. Februari 2020 mahakama ya huko ikatoa amri ya kumlinda. Kijana akakatazwa kumkaribia, na leseni yake ya bastola ikasimamishwa. Hakujali. Polisi walimshuku katika matukio kadhaa ya kufyatua risasi, na mojawapo ni pale alipopiga risasi hewani nje ya hoteli ya chakula kwa sababu tu kadi ya benki ya rafiki yake imekataliwa! Walipopekua nyumba yake walikuta bastola, bunduki, na nakala ya ile amri ya mahakama. Akashitakiwa kwa sheria ya nchi nzima ya mwaka 1994, ambayo humkataza kumiliki silaha mtu aliyewekewa amri ya namna hiyo, akafungwa.

Lakini wanasheria wake wakaishika ile hukumu ya 2022. Wakasema, onyesheni sheria ya zamani iliyomnyang'anya mtu bunduki kwa kumtishia mkewe. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliyoko New Orleans ikakubaliana nao! Ndugu msomaji, hapa nilikiweka chini kitabu changu nikaenda kunywa maji. Ni kweli sheria kama hiyo haikuwapo karne ya kumi na nane, maana zama hizo mume kumpiga mkewe hakukuhesabiwa kuwa kosa la kumpokonya silaha. Kukosekana kwa sheria ya kumlinda mke zamani kukageuzwa kuwa sababu ya kutomlinda leo.

Kesi ikapanda hadi juu. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 8 dhidi ya 1, kwamba sheria ya 1994 ni halali. Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba tangu mwanzo wa taifa hilo palikuwa na sheria za kuwazuia watu wanaotishia wenzao, na kwamba mtu ambaye mahakama imekwisha kumwona kuwa ni tishio la kweli kwa usalama wa mwingine anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Jaji mmoja aliyepinga alikuwa Jaji Thomas, mwandishi wa hukumu ile ya 2022.

Kwa hiyo, mama wa Houston, jibu lako ni hili. Mkweo anayo haki, lakini binti yako naye ana mlango. Mlango wenyewe ni mahakama ya huko aliko. Akienda, akaeleza vitisho, na hakimu baada ya kuwasikiliza wote wawili akatoa amri ya kumlinda, sheria inaweza kumkataza mume kukaa na bastola muda wote amri inapodumu. Asipokwenda, hakuna hakimu atakayekuja kugonga mlango wake kuuliza kilichowekwa mezani.

AFRIKA KUSINI WALIULIZA SWALI HILOHILO

Mama mmoja akauliza kama Afrika nako kuna nchi iliyopelekana mahakamani kwa jambo hili. Ipo. Afrika Kusini wana sheria ya silaha ya mwaka 2000 inayomtaka mwenye bunduki aombe leseni upya kila baada ya muda fulani. Wawindaji wakashitaki, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Pretoria ikawapa ushindi. Tarehe 7 Juni 2018 Mahakama ya Katiba ikautengua ushindi huo. Ikasema waziwazi kwamba kumiliki bunduki si haki ya msingi katika Katiba yao, ni ruhusa inayotawaliwa na sheria, na anayetaka kuiendeleza aiombe upya kwa wakati.

Jambo jingine la kujua ni kwamba sheria yao imeunganisha bunduki na ugomvi wa nyumbani. Mtu aliyetolewa amri kamili ya mahakama ya kumlinda mwenzi wake anaweza kutangazwa kuwa hafai kumiliki silaha. Wameliandika kabisa, halikuachwa kwa hisani ya mtu.

KWETU SISI

Nimeisoma Katiba yetu kwa shabaha hiyo. Ibara ya 14 inatoa haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 24 inazungumzia haki ya kumiliki mali. Haki ya kubeba bunduki haimo. Silaha kwetu ni kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa jina. Si ya nyumba, si ya ukoo, wala mke hawezi kuiazima kwa mumewe kama anavyoazima mwavuli.

Kwa kawaida maombi huanzia chini, kwenye serikali ya kijiji au mtaa, yakapita kata na wilaya hadi kwa polisi ngazi za juu. Wanaoulizwa ni viongozi wanaomfahamu mwombaji: je, ni mtu wa tabia gani? Mlevi? Mgomvi? Mke wa mwombaji mara nyingi haulizwi, na hilo mimi naliona kuwa ni kasoro kubwa. Nani amjuaye mtu kuliko anayelala naye chumba kimoja? Hata hivyo mwenyekiti wa mtaa ana masikio, na mjumbe ni jirani. Mama anaweza kusema kabla fomu haijapigwa muhuri. Hata baada ya leseni kutoka anaweza kusema, kwa maana iliyotolewa kwa ruhusa inaweza kufutwa.

Gobore nalo ni silaha mbele ya sheria, msidanganyike. Kulimiliki bila kibali hushitakiwa chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Nilipolisema hili yule mama wa Mzenga aliomba nirudie. Nikarudia. Ishirini. Mtoto aliye tumboni leo atakuwa mtu mzima kabla baba hajatoka, kwa ajili ya chombo cha kufukuzia nguruwe.

Je, mahakama zetu zimesema nini? Zimesema, ila si kuhusu haki ya kubeba. Zimesema kuhusu namna mtu anavyoshitakiwa. Kesi ya uhujumu uchumi asili yake ni ya Mahakama Kuu. Ili isikilizwe katika mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ni lazima kiwepo kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka cha kumshitaki mtu, na cheti cha kuipa mahakama hiyo uwezo. Mara nyingi Mahakama ya Rufani imefuta mashauri mazima, hukumu na kifungo, kwa sababu hati hizo hazikuwapo au hazikutolewa inavyopasa. Wengine hurudishwa kushitakiwa upya, wengine huachiwa. Hivyo mwenzangu ambaye bwana wako yuko ndani kwa kesi ya gobore, usikae nyumbani ukilia tu. Nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi ni haki ya mfungwa anayetaka kukata rufaa, na mwanasheria wa msaada wa kisheria atakwambia kama karatasi hizo zilikamilika. Muda wa kukata rufaa nao unahesabiwa, usichelewe.

MWIZI USIKU

Swali lililoulizwa kwa sauti kubwa kuliko yote lilitoka kwa mama wa Kibaha ambaye duka lake limevunjwa mara mbili. Mume wake ana leseni halali. Akimpiga mwizi risasi, itakuwaje?

Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Lakini nguvu itumike kwa kiasi kinacholazimu tu. Yako mazingira ambayo hata mauti ikitokea mtu hahesabiwi kosa, kama alikuwa akizuia unyang'anyi, ubakaji au uvunjaji wa nyumba, na aliamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kuokoa. Akizidisha nguvu na mtu akafa, kosa ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Aliyevunja mlango na panga mkononi akija kitandani kwenu si sawa na kijana anayeruka ukuta akikimbia na jogoo. Huyo wa pili ukimpiga risasi mgongoni, atakayepanda kizimbani ni wewe, na leseni yako haitakutetea. Leseni inakuruhusu kuwa na silaha, haikuruhusu kuua.

Yule mama alisema, "Basi afadhali tununue mbwa." Wengine walicheka. Mimi nadhani alisema neno la maana.

BWANA ANAPOTISHA

Hili nimeliacha karibu na mwisho kwa sababu ndilo wanawake walilouliza kwa kunong'ona, mmoja mmoja, wakati wa kutoka.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inalifanya kosa jambo la kumtishia mtu kwamba utamdhuru, utampiga risasi au kumwua. Haisemi isipokuwa mke. Hivyo mume anayesema "nitakumaliza kwa hii" huku ameshika gobore ametenda kosa hata kama hakufyatua.

Palipo na upungufu ni hapa. Mahakama yetu inaweza kumkataza mtu asimsumbue mwenzi wake pale shauri la ndoa linapoendelea au baada ya talaka au kutengana. Lakini kifungu hicho cha mwaka 1971 hakitaji bunduki, na hatuna sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani kama walivyo nayo Afrika Kusini. Amri yaweza kutoka leo, na bastola ikabaki palepale juu ya kabati, kama mama hakuitaja. Kwa hiyo itaje! Unapokwenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, usiseme tu "amenipiga". Sema "amenipiga na nyumbani ana bunduki". Ukiwa mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa, sema. Mbele ya hakimu, sema, na omba iandikwe. Kama ana leseni, mwambie mkuu wa kituo. Anayo njia ya kuifikisha habari hiyo kwa mamlaka iliyoitoa.

Najua atakayesoma hapa atasema, nikimripoti si nitakuwa nimejichongea? Naam, hatari hiyo ipo, wala sitaki kuidogosha. Usimwage risasi zake chooni, usiifiche bunduki kwa jirani, maana hapo wewe ndiye utakayekutwa nayo. Ondoka kwanza na watoto, nenda kwa wazazi au kwa mtu unayemwamini, kisha toa taarifa ukiwa huko. Wako wazee, hata wa makanisani, watakaokwambia rudi ukavumilie. Mvumilivu hula mbivu, lakini methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtu aliyeelekezewa mtutu.

GOBORE LA MAREHEMU

Sasa mama wa Mzenga. Mwenye silaha akifa, leseni yake, kama alikuwa nayo, hairithiwi pamoja na mashamba. Silaha inatakiwa kufikishwa polisi. Mrithi anayeitaka ataomba kwa jina lake mwenyewe. Anayeendelea kuilaza darini ameingia kwenye kosa bila kujua, na kusema "ilikuwa ya marehemu" si kinga ya uhakika.

Serikali imewahi kufungua mlango kwa watu wa namna hii. Mwaka 2016 Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima. Mwaka 2022, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, ulitangazwa msamaha kwa watakaosalimisha kwa hiari silaha wanazomiliki kinyume cha sheria, na mwaka 2023 ukatangazwa tena. Waliosalimisha katika muda huo waliahidiwa kwamba hawatashitakiwa. Kwa hiyo sikiliza redio na uulize ofisi ya kijiji. Hata kama hakuna msamaha uliotangazwa, kusalimisha mwenyewe mbele ya mashahidi ni tofauti kabisa na kukutwa nayo.

Tahadhari moja. Usilichukue gobore ukalifunga kwenye kanga na kupanda nalo bodaboda kwenda kituoni. Njiani ukisimamishwa, wewe ni mtu mwenye silaha bila kibali. Nenda kwanza mikono mitupu kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mweleze, naye aite polisi waje kulichukua au wakuelekeze. Uwe na ndugu wa marehemu pamoja nawe, ili kesho asije mtu akadai umeuza urithi. Na usirudi bila karatasi ya mapokezi.

Yule mama alirudi Mzenga mdogo wake alipopata nafuu. Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti akiongozana na shemeji yake mkubwa, ambaye mwanzoni alikataa katakata akisema gobore lile ni la baba yao. Askari wawili walikuja, wakaliteremsha darini wenyewe, na kumbe lilikuwa limeshindiliwa baruti muda wote huo, juu ya kitanda wanacholala wajukuu. Wakamwuliza maswali, akajibu, wakaandika. Karatasi ameiweka ndani ya bahasha pamoja na cheti cha kifo.

Shida ya nguruwe haijakwisha. Shemeji anamlaumu kila yanapoingia shambani, na kijiji sasa kinazungumza na ofisi ya wanyamapori ya wilaya juu ya namna ya kuyafukuza. Binti wa Houston bado hajakwenda mahakamani. Amemwambia mama yake anatafakari, na mama amemwomba kwamba walau asiache kupiga simu kila Jumapili.